Bwana Kilo na Taka za Ng'ambo

Kwa miaka kumi na moja Bwana Kilo alisimama mahali pamoja, chini ya paa la bati lenye nguzo nne, mbele ya mizani ya kutundika yenye ndoano. Kila gunia la taka lililookotwa katika mji ule lilipita mikononi mwake kabla ya kupanda lori. Alilitundika, akasubiri mshale utulie, akaandika. Mshale ukiwa bado unachezacheza haandiki, hata kama foleni imefika getini na wafagiaji wanampigia kelele.

"Subiri utulie," alisema.

Wapo waliofanya naye kazi miaka mitano wakaapa kwamba hawajamsikia akisema jambo jingine. Alikuwa na haya, yule bwana. Akisalimiwa alijibu akitazama viatu vya anayemsalimu, na kwa sababu hiyo alijua watu wote wa kituo kwa miguu yao zaidi kuliko kwa nyuso zao. Siku ya harusi ya shemeji yake walimpa kipaza sauti aseme neno kwa niaba ya ukoo. Alisimama, akakitazama kile kipaza sauti kama mtu aliyepewa nyoka wa mwenzake amshikie, akasema "Nashukuru," akaketi. Mkewe hakumsamehe mpaka maharusi walipopata mtoto wa pili.

Kituo kilikuwa kimoja kati ya vituo vingi vya Mpango wa Taifa wa Kusafisha Mazingira. Makao makuu yalikuwa katika jengo la ghorofa ambalo Bwana Kilo alilijua kwa kuliona kwenye kalenda. Serikali ilitia fedha, wafadhili wakatia zao, zote zikaingia kapu moja, na lile kapu liligawanywa kwa uzani. Kituo chenye kilo nyingi kilipata mafuta mengi ya lori, glavu, reki na mishahara ya wafagiaji. Chenye kilo chache kilipata kinachobaki. Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi, na mwanzoni ulikwenda vizuri, maana mwanzoni kila mji ulikuwa umezama kwenye taka hadi shingoni.

Fomu ya kila mwezi ilikuwa na safu moja tu ya kujaza: kilo. Lakini Bwana Kilo, mtu wa darasa la saba, alikuwa na daftari lake kubwa la kushonwa kwa uzi, na humo aliongeza safu ambayo hakuna aliyemwomba: zimetoka wapi. "Mtaro wa sokoni, kilo thelathini na mbili. Nyuma ya shule, kilo kumi na tisa." Aliona tu si vizuri kuandika mzigo bila kuandika ulikotoka, kama vile si vizuri kumkaribisha mgeni bila kumuuliza atokako.

Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini nyuma ya kituo, ukingoni mwa mtaro mkuu. Huko nako alikuwa na tabia yake. Kila masika, maji ya mtaro yalipofurika na kuingia ndani, alingoja yafike mwisho wake, kisha akachukua kisu chake cha kukatia kamba na kuchonga alama kwenye mwimo wa mlango, pale yalipoishia. Mkewe, aliyekuwa akishona magunia ya kituo kwa mkono, hakuipenda hata kidogo.

"Wenzako wanapamba nyumba kwa picha," alimwambia. "Wewe unautafuna mlango kama panya."

Bwana Kilo alipuliza vumbi la mbao, akaenda kufagia maji.

*

Barua ya makao makuu ilifika Jumatatu. Msimamizi wa kituo, mwanamke mnene mwenye moyo mwepesi ambaye wote walimwita Mama Kituo, aliisoma mbele ya wafagiaji wote thelathini na wanne, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopungua.

Barua ilisema uzani wa kituo umekuwa ukishuka mwaka hadi mwaka. Zamani kilileta magunia mia na ishirini kwa siku. Sasa hayafiki thelathini na tano. Makao makuu yaliona kwamba wafanyakazi wamelegea. Baada ya wiki tatu angekuja mkaguzi, na asiporidhika, lori lingehamishiwa mji mwingine na kituo kingefungwa.

Dereva wa lori akasema, "Tumelegea? Mimi jana nimezunguka mji mzima natafuta taka kama mtu aliyepoteza ng'ombe!"

Kiongozi wa wafagiaji alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Walimwita Jemadari, na jina lilimkaa kama kofia yake. Alikuwa shoga wa mke wa Bwana Kilo tangu utotoni, basi Bwana Kilo akawa shemeji yake, apende asipende.

"Shemeji," alisema, "hizi namba umeandika wewe?"

Bwana Kilo alitazama raba za Jemadari. "Ndiyo."

"Basi kalamu yako ndiyo inayotufukuza kazi."

Watu walicheka, lakini kile kicheko kilikuwa na mwiba ndani. Bwana Kilo aliondoka nao ule mwiba hadi nyumbani. Alijua kwa nini kilo zilipungua. Mtu akifagia chumba kila siku kwa miaka kumi na moja, mwishowe vumbi litatoka wapi? Lakini kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika hivyo, na mdomoni mwake hamkuwa na njia ya kulitoa jambo hilo.

*

Dereva ndiye aliyeanza ujanja. Asubuhi ya pili magunia yalikuja yakivuja maji. Bwana Kilo alitundika la kwanza, akalitazama likidondosha matone kama mtu mwenye mafua. Alivuta kiti, akaketi, akasubiri likauke.

"Mzee, unafanya nini?" dereva aliuliza.

"Subiri utulie."

"Mshale umetulia!"

"Maji hayajatulia."

Walisubiri hadi saa sita, jua likapanda, gunia likapungua kilo tisa mbele ya macho yao. Dereva akatupa mikono juu. Mchezo wa maji ukaishia hapo.

Kisha, wiki ya pili, mambo yakageuka ghafla. Jemadari na kikosi chake wakaanza kuleta magunia yaliyojaa hadi kufungwa kwa shida. Siku ya kwanza hamsini, ya pili sitini. Mama Kituo alipita akiimba. Dereva alifuta vioo vya lori kwa mara ya kwanza tangu apewe. Bwana Kilo naye alifurahi, nusu siku, mpaka gunia moja lilipopasuka kwenye ndoano na kumwaga taka miguuni pake.

Zilikuwa soli za viatu. Vipande vya ngozi, visigino, kamba, mamia kwa mamia.

Upande wao wa mji haukuwa na kiwanda cha viatu. Kiwanda kilikuwa ng'ambo ya daraja, na ng'ambo ya daraja kulikuwa na kituo kingine, chenye mizani yake na bwana wake.

Bwana Kilo alitazama zile soli, halafu akatazama raba za Jemadari. Zilikuwa na matope mekundu, na matope mekundu yako ng'ambo tu.

"Shemeji," alisema polepole, "zimetoka wapi?"

"Zimetoka chini, shemeji. Taka hutoka chini."

"Chini ya wapi?"

"We pima bwana, unaniuliza kama hakimu!"

Akapima. Na katika ile safu yake aliandika kama kawaida: "Ng'ambo ya daraja." Siku sita mfululizo akaandika hivyo. Alishindwa kuyakataa yale magunia, maana wenye kuyaleta walikuwa wakipigania mkate wao. Na alishindwa kuandika uongo, maana mkono wake haukujua njia ya huko.

Siku za mwizi ni arobaini, wanasema, lakini hawa hawakufika hata saba. Jumapili mchana getini palisikika makelele. Msimamizi wa kituo cha ng'ambo, bwana mfupi mwenye mwavuli, alikuwa ameingia na wafagiaji wake kumi.

"Taka zetu ziko wapi?" alipiga kelele. "Tumeamka asubuhi, jalala letu tupu! Limepigwa ufagio! Hata nzi wamehama!"

Jemadari alijishika kiuno. "Sasa si tumewasaidia kufagia? Mseme asante."

"Asante ya nini, mwizi wewe!"

"Mwizi wa taka? Nenda polisi ukaseme umeibiwa taka, nikuone!"

Hapo hata wafagiaji wa ng'ambo walishindwa kujizuia. Mmoja alicheka mpaka akakalia reki yake. Lakini yule bwana mfupi hakucheka. "Na sisi tunalipwa kwa kilo," alisema, na sauti yake ikashuka. "Nyie mnafikiri mkaguzi anakuja kwenu tu?"

Jemadari aliondoa mikono kiunoni. Hakuwa ameliwaza hilo.

Mama Kituo aliwaomba radhi, akawapa chai, akaahidi kuzirudisha taka zote, maana kwa bahati lori lilikuwa halijazichukua. Wageni walipoondoka alimvuta Bwana Kilo pembeni ya mizani.

"Kaka, umeandika kwenye daftari zimetoka wapi?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Mkaguzi akiona tumeiba, tumekwisha. Chana huo ukurasa, kaka yangu. Ni ukurasa mmoja tu."

Bwana Kilo alilifungua daftari katikati, akamwonyesha uzi. "Limeshonwa. Ukichana huu, pacha wake wa kule mbele anadondoka. Na wa kule mbele hana kosa."

Machozi yalimlengalenga Mama Kituo, lakini hakumlazimisha. "Basi," alisema, "utamweleza mwenyewe."

Hakuna adhabu ambayo ingemtisha zaidi.

*

Jioni ile Bwana Kilo hakula. Mkewe alikuwa mlangoni, sindano mkononi, gunia magotini.

"Jemadari kaniambia yote," alisema. "Amelia, ujue. Jemadari! Sikujua yale macho yana maji." Akavuta uzi. "Sasa utamwambia nini mkaguzi?"

"Sijui."

"Baba watoto, mimi nimekaa na wewe miaka ishirini na mbili. Uliniposa kwa maneno matatu, na mawili nilikukumbusha mimi. Sikuombi hotuba. Lakini siku hiyo usiseme 'nashukuru' halafu ukaketi."

Akacheka, na Bwana Kilo naye akacheka.

Kesho yake kikosi kizima kilivuka daraja na magunia mgongoni kurudisha taka. Bwana Kilo alikwenda na mizani yake, akazipima upya mbele ya yule bwana mfupi, gunia kwa gunia, kilo zote elfu moja mia nne na kumi na mbili. Zilipungua kilo mbili. Jemadari akavua raba zake, akakung'uta matope mekundu kwenye gunia la mwisho.

"Hizo hapo zenu," alisema. "Tusidaiane."

Yule bwana mfupi, kwa mara ya kwanza, alionyesha meno.

*

Usiku wa kuamkia ukaguzi mvua ilinyesha kama imefunguliwa bomba. Asubuhi ilikuwa bado inanyunyiza. Mkaguzi alichelewa. Alipofika, alifika kwa miguu: mama mwenye miwani, koti la mvua, faili kwapani, na buti ndefu za mpira zilizofika magotini. Gari alikuwa ameliacha darajani.

"Faili linasema hapa hapapitiki mvua ikinyesha," alieleza huku akikunja koti. "Nikajiandaa."

Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Alikagua lori, akahesabu reki, akasoma fomu, akatikisa kichwa. Kisha akaomba daftari la mizani. Alifunua, akafunua, akasimama. Kidole chake kilikuwa kwenye ule ukurasa.

"Wiki hii kilo zimepanda mara mbili. Halafu siku ya saba mmetoa elfu moja mia nne na kumi na mbili. Hii ni nini? 'Ng'ambo ya daraja'?"

Wafagiaji thelathini na wanne walikuwa wamesimama nyuma. Macho yote yakamgeukia Bwana Kilo.

"Ziliibwa," alisema Bwana Kilo.

Mkaguzi alivua miwani. "Taka? Ziliibwa?"

"Ndiyo, mama. Tumezirudisha."

"Mtu anaibaje taka? Kwa nini aibe taka?"

Jibu lilikuwepo, limekaa kooni mwake miaka yote, na sasa lilikataa kutoka. Kama kawaida yake macho yakaanguka chini, kwenye miguu ya aliye mbele yake. Akaziona zile buti. Zilikuwa nyeusi, mpya, zinang'aa kama zimetoka dukani dakika ile.

"Kwa sababu za kwetu zimekwisha," alisema. "Buti zako hazina tope, mama."

Mkaguzi aliinama, akatazama. Aliinua mguu mmoja, akageuza unyayo, halafu wa pili. Alikuwa ametembea kutoka darajani hadi pale, baada ya mvua ya usiku kucha, katika mji ambao faili lake lilisema haupitiki.

"Maji yamekwenda wapi?" aliuliza.

"Mtaroni," alisema Bwana Kilo. "Mtaro uko wazi." Na kisha, kwa mshangao wa kila aliyemjua, akaongeza: "Njoo uone."

Akatangulia. Kituo kizima kilimfuata nyuma kama msafara wa bibi harusi. Mtaro mkuu ulikuwa unakwenda kasi, maji ya kahawia yanakimbilia mtoni, hapana chupa, hapana mfuko. Mke wa Bwana Kilo alikuwa ameketi mlangoni anashona, akaona umati unamjia na mumewe mbele. Sindano ilimchoma kidole.

Bwana Kilo alifika kwenye mwimo wa mlango, akaweka mkono juu ya alama ya juu kabisa. "Mwaka wa kwanza," alisema. Ya pili: "Mwaka wa pili." Na hapo maneno yakamwishia kabisa, kama mafuta ya taa.

Lakini mkewe alikuwa ameshaelewa. Alisimama, akatupa gunia pembeni, akaichukua kazi pale mumewe alipoiachia.

"Simama hapa, mama mkaguzi, egemeza mgongo. Unaona? Mwaka ule maji yangekufika kifuani. Kitanda chetu kiliogelea hadi jikoni, tukalala juu ya paa, mimi na watoto na kuku. Hii ya kiunoni, mwaka walipotoa godoro na mlango wa gari mtaroni. Huyu hapa Jemadari ndiye aliyezama kulivuta hilo godoro. Hii ya gotini. Hii ya kwenye vifundo, hapo tukasema tumetajirika. Na chini ya hapo…" Alipapasa mbao laini karibu na kizingiti. "Chini ya hapo hana cha kuchonga. Miaka mitatu hii. Na jana usiku mvua yote ile, nimeamka nimekuta sakafu kavu."

Mkaguzi alichuchumaa, buti zikalia. Alipitisha kidole juu ya kila alama, kutoka juu hadi chini. Kisha akafungua daftari akalinganisha miaka: kilo zilipokuwa nyingi, alama ilikuwa juu, kilo ziliposhuka, alama nayo ilishuka pamoja nazo.

"Kwa hiyo kule ofisini," alisema taratibu, "tumekuwa tukiwapunja watu kwa sababu wamemaliza kazi."

"Sisi tulidhani ni sisi tumekosea kufagia," alisema Jemadari, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Mkaguzi alisimama akajifuta mikono. "Siwezi kuahidi. Mimi ni mkaguzi tu, wenye kapu ni wengine. Lakini nitaandika. Na nitahitaji ushahidi." Akaugonga mwimo kwa kidole. "Huu unang'oka?"

*

Majibu yalichukua miezi miwili, na katika miezi hiyo wengi walitafuna kucha. Yalipofika, Mama Kituo aliyasoma kwa sauti iliyopanda kadiri alivyoendelea. Lori linabaki. Siku tatu kwa juma litavuka daraja kusaidia kituo cha ng'ambo, pamoja na kikosi cha Jemadari, kwa sababu mitaro ya kule bado imeziba na wanaojua kuizibua wako huku. Na fomu ya vituo vyote nchini imeongezwa safu ya pili, ya kupima maji ya masika yamefika wapi.

"Sasa tutavuka daraja mchana kweupe, kwa barua!" alisema Jemadari, na akampiga Bwana Kilo bega karibu amwangushe kwenye ndoano. "Shemeji, kalamu yako nimeisamehe."

Mwimo wa mlango ulikuwa umekwenda makao makuu, umefungwa kwa magunia kama maiti ya mfalme, na dereva alisema umesimamishwa ukumbini, wakubwa wanapita wakijipima nao. Badala yake Mpango ulileta mlango mpya, miimo yake miwili imepigwa randa na rangi ya maziwa. Mke wa Bwana Kilo aliufuta mara tatu kwa siku.

Masika yalipoanza tena, mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana. Bwana Kilo alirudi kutoka kazini amelowa, akasimama kizingitini, akatazama chini. Sakafu kavu. Hata hivyo mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ulikwenda mfukoni ukatoka na kisu.

"Thubutu!" alisema mkewe kutoka jikoni, bila kugeuka.

Bwana Kilo alikirudisha kisu mfukoni. Akakunjua fomu ya mwezi, akatafuta safu mpya, akasubiri kidogo, kama mtu anayesubiri mshale utulie. Kisha akaandika: "Hayakufika."

Akaingia ndani, na kwa sauti iliyomshangaza hata yeye, akaomba chai.